Uzi: Protini za ncha ya neva ya jicho hutengenezwa wapi, na hufikaje kabla hazijachakaa?

#1 ChakiNyeupe (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa kidato cha tano na cha sita, na wiki mbili zilizopita mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza swali ambalo sijaweza kulitua. Tulikuwa tumechora ubaoni seli ya ganglioni, yaani ile seli ya neva ya kwenye retina, tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, ambayo mkia wake mrefu, aksoni, hutokea nyuma ya jicho na kwenda hadi ndani ya ubongo. Nikaeleza kama ilivyo vitabuni: jeni husomwa ndani ya kiini, RNA mjumbe, yaani nakala ya jeni, hutoka, ribosomu huunganisha asidi amino, protini hukunjwa, hufungashwa, kisha husafirishwa kwenye aksoni. Nikaongeza kwamba protini zinazojenga kiunzi cha aksoni husafiri polepole sana, kama milimita 1 kwa siku.

Binti yule akachukua rula yake, akaiweka juu ya daftari na kusema: "Mwalimu, umesema neva ya jicho ina urefu wa kama sentimita 5 kabla hata haijakutana na ya jicho la pili. Basi protini inayotoka leo itafika baada ya siku 50. Haitakuwa imechakaa?"

Nilimwahidi jibu Jumatatu, na Jumatatu imepita. Msimamo wangu ni kwamba kila protini ya aksoni hutengenezwa kwenye mwili wa seli, jichoni, na kwamba protini hizi hudumu kuliko tunavyozidhania. Naomba mnisahihishe nilipokosea.

#2 BintiMaabara

Mwalimu, tuanze kwa kutenganisha mizigo, kwa sababu si protini zote zinazopanda gari moja. Protini za utando, pamoja na zile zinazofungwa ndani ya vifuko vidogo baada ya kupita kwenye Golgi, idara ya ufungashaji ya seli, husafiri milimita 200 hadi 400 kwa siku. Kwa hao, sentimita 5 ni safari ya saa 3 hadi 6. Mbebaji wao ni kinesini, protini yenye miguu miwili inayotembea juu ya mikrotubuli, vile vijibomba vya kiunzi cha seli, kwa hatua za nanomita 8, na kila hatua hutumia molekuli moja ya ATP, mafuta ya seli. Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz waliitambua mwaka 1985 wakichunguza aksoni nene ya ngisi. Mizigo inayorudi kutoka ubongoni kuja jichoni hubebwa na mashine nyingine, daineini.

Mwendo ulioutaja wewe ni wa tubulini, protini inayojenga mikrotubuli, na nyuzi za kiunzi, ambao kwa kawaida ni kati ya milimita 0.2 na 1 kwa siku. Aktini na vimeng'enya vingi vina mwendo wa katikati, milimita 2 hadi 8. Kwa mwendo wa 0.2, mwanafunzi wako angepata siku 250 badala ya 50, kwa hiyo swali lake ni zito kuliko alivyolipima kwa rula.

#3 Kipanga

Nakubaliana na dada BintiMaabara, ila milimita 400 ni kwa saa, si kwa siku. Tena tukumbuke kwamba kila jicho lina seli za ganglioni milioni 120, kwa hiyo hata chache zikichelewa kupata protini hakuna kitakachoharibika.

#4 BintiMaabara

Ndugu Kipanga, ni kwa siku. Hiyo milioni 120 ni makadirio ya seli fimbo, zile zinazopokea mwanga hafifu. Seli za ganglioni ni takriban milioni 1 kwa kila jicho, na kila kitu unachokiona kinapita kwenye nyuzi hizo milioni 1 tu. Uchache wao ndio unaofanya kila uzi uwe na thamani, kwa sababu ukifa hauoti tena.

#5 Kipanga

Nimesahihishwa, na nashukuru. Kumbe ni njia nyembamba kuliko nilivyodhani.

#6 MzeeWaMaktaba

Vijana, msisahau tulikotoka. Mwaka 1948 Paul Weiss na Helen Hiscoe waliibana neva ya mnyama, wakaona kwamba upande unaotoka kwenye mwili wa seli unavimba, kama mfereji uliozibwa kwa tope. Walipoachia, uvimbe ule ukasogea mbele taratibu, milimita 1 hadi 2 kwa siku. Hapo ndipo watu walipoanza kuamini kwamba ndani ya neva kuna kitu kinachosafiri.

Halafu jicho likawa maabara yenyewe. Mnaelewa kwa nini? Ukiichoma sindano yenye asidi amino ya mnururisho kwenye ute wa jicho, seli za retina huichukua na kutengenezea protini, na kwa kuwa jicho limejitenga na ubongo, mnururisho utakaoukuta baadaye mwishoni mwa neva una njia moja kuu ya kufika huko, nayo ni aksoni. Bernice Grafstein alifanya hivyo kwa samaki wa dhahabu katika miaka ya 1960, yeye na wenzake wakaona mawimbi mawili: moja la haraka, na jingine lililochelewa sana. Kwa hiyo Mwalimu ChakiNyeupe ana haki ya kusema protini hutoka jichoni, maana zilionekana zikitoka.

#7 FundiSaa

Shikamoo Mzee. Naongeza jambo moja juu ya lile wimbi la pili, kwa sababu neno "polepole" limetupotosha wengi. Mwaka 2000 makundi mawili ya watafiti yalizipiga picha nyuzi za kiunzi zikiwa ndani ya aksoni hai, yakakuta kwamba zikisogea, husogea kwa kasi ileile ya mizigo ya haraka. Tofauti ni kwamba sehemu kubwa ya muda zimesimama. Ni daladala inayokwenda mwendo wa kawaida barabarani lakini inasubiri ijae kwenye kila kituo. Ukigawa umbali wote kwa muda wote unapata milimita 1 kwa siku, ingawa hakuna hata dakika moja ambayo ilitembea kwa mwendo huo.

Hii inabadilisha swali la yule binti. Badala ya kuuliza kwa nini mwendo ni mdogo, tuulize ni nani anayezisimamisha na ni nani anayeziruhusu.

#8 Tumbatu

Mnajadili magari wakati huenda chakula kinapikwa hukohuko. Kuna maelezo mengine kabisa: aksoni husafirisha RNA mjumbe, kisha ribosomu zilizopo ndani ya aksoni hutengeneza protini papo hapo inapohitajika. Anayekwenda safari ya siku 50 hafungi ugali uliosongwa, hufunga unga. Maabara ya Christine Holt kule Cambridge ilionyesha mwaka 2001, kwa nyuzi za retina za chura aina ya Xenopus, kwamba ncha ya aksoni iliyokatwa kabisa kutoka kwenye mwili wa seli bado hutengeneza protini na bado hujua kugeuka inapopewa ishara.

Samahani Mwalimu, lakini lile neno "kila" kwenye bandiko la kwanza ndilo lenye tatizo.

#9 MzeeWaMaktaba

Ndugu yangu Tumbatu, huyo ni kiluwiluwi ambaye aksoni yake bado inatafuta njia. Mtu mzima ambaye neva yake imekwisha kufika ubongoni ni suala jingine. Darubini ya elektroni ilipotazama aksoni zilizokomaa haikuona ribosomu za kutosha, na ukisaga neva nzima ili uitafute RNA, utapata pia RNA ya seli saidizi zinazoizunguka. Unajuaje ni ya nani?

#10 Tumbatu

Pingamizi hilo lilikuwa na nguvu, na ndiyo maana mwaka 2016 maabara hiyohiyo ilitumia panya ambao ribosomu za seli zao za retina peke yake zilitiwa alama. Walizivuta ribosomu zenye alama kutoka ubongoni, mahali ncha za aksoni zinapoishia, na kusoma RNA iliyokuwa imeshikwa ndani yake. Hazikuwa za seli saidizi, kwa kuwa seli saidizi hazikuwa na alama. Na walizipata hata kwa panya waliokomaa, nyingi zikiwa za protini zinazohusika na makutano ya neva na nishati.

Mwaka 2019 wakaonyesha kwa chura kwamba RNA hiyo hudandia endosomu, vile vifuko vinavyosafiri ndani ya aksoni, na kwamba baadhi ya vifuko hivyo hutumika kama jukwaa la kutengenezea protini kando ya mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli. Kwa hiyo kiwanda kinaweza kuwa kinasafiri pamoja na mzigo.

#11 FundiSaa

Ni kazi nzuri, lakini haijaniondolea hesabu. Kukuta ribosomu zinafanya kazi mwishoni ni jambo moja, na kusema zinatosheleza mahitaji ni jambo jingine. Tubulini ya aksoni nzima ni nyingi mno, na sioni ribosomu chache za nchani zikiihudumia peke yake. Kuna pia wanaosema kwamba seli saidizi zenyewe huipa aksoni msaada. Imeonekana maabarani kwamba seli zinazotengeneza mailini, ile ala ya mafuta inayoizunguka aksoni, huachia vifuko vidogo vyenye protini na RNA, na neva huvimeza. Sasa tuna mikono mitatu inayoilisha aksoni moja, na hakuna aliyepima kijiko cha kila mmoja.

#12 MuuguziWaMacho

Habari zenu. Nimesoma kimya tangu mwanzo, naomba niwatoe maabara kidogo niwapeleke kliniki, kwa sababu ninyi mnauliza mzigo unafikaje na mimi kila siku naona watu ambao mzigo wao umekwama.

Aksoni zote milioni 1 hutoka jichoni kwa kupenya kwenye kiwambo chenye matundu kama chekecheke, kinaitwa lamina kribrosa. Presha ya jicho, ambayo kwa kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki, ikipanda, kiwambo kile husukumwa nyuma na matundu yake hupindana, nazo nyuzi zinazopita ndani yake hubanwa. Mwaka 1974 Douglas Anderson na Anita Hendrickson walipandisha presha ya macho ya nyani na kufuatilia protini zenye mnururisho. Zilirundikana palepale kwenye chekecheke. Ni mfereji wa Mzee wa mwaka 1948, safari hii ukiwa ndani ya jicho.

Ndiyo sababu nawaambia wagonjwa wa glakoma, ugonjwa unaoua neva ya jicho taratibu, kwamba jicho lao halina ukungu na miwani haitawasaidia. Wengi huja jicho moja likiwa limekwisha, kwa sababu halikuwahi kuuma. Utafiti uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000 uliikuta glakoma kwa watu wapatao 4 katika kila 100 wenye umri wa zaidi ya miaka 40. Hao si wachache.

#13 MwanaWaMvuvi

Dada muuguzi, bandiko lako limenigusa. Baba yangu alikuwa akigonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango, mlango uleule aliouchonga mwenyewe, tukadhani ni uzee. Wajukuu wakimwamkia kutoka upande wa kushoto aliitikia "marahaba" huku anatazama mbele, na watoto wakaona kwamba babu amekasirika. Tulipompeleka kupimwa tuliambiwa neva ya jicho la kushoto imekwisha kwa sehemu kubwa. Alipewa matone ya kutia kila siku, lakini kwenye kituo chetu dawa hiyo mara ipo, mara haipo, naye hakuwa anaona tofauti yoyote akiyatia au asipoyatia.

Swali langu ni hili: presha ikishuka, mzigo uliokwama unaendelea na safari?

#14 MuuguziWaMacho

Pole sana, ndugu. Majaribio ya wanyama yanaonyesha kwamba kizuizi cha muda mfupi kinaweza kuachia na mzigo ukasogea. Kikidumu, aksoni hufa, kisha seli yake, na hapo hakuna kinachorudi. Kwa hiyo matone hulinda zile zilizobaki, hata kama Mzee haoni tofauti. Kuhusu kukosekana kwa dawa, muulizeni daktari habari za leza. Jaribio lililofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021 lilikuta kwamba baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, na matone ya timololi kwa asilimia 31.

#15 Tumbatu

Nakubali kila kitu isipokuwa mahali pa kuanzia. Mwaka 2010 ilichapishwa kazi juu ya panya wenye glakoma ambamo usafirishaji ulianza kufa mbali, kule nyuzi zinakoishia ubongoni, wakati muundo wa neva bado unaonekana mzima. Kizuizi kingekuwa kwenye chekecheke peke yake, tungetegemea uharibifu uanzie hapo.

#16 BintiMaabara

Ni kweli, ila uangalie mnyama. Panya hana lamina kribrosa ya kolajeni kama ya binadamu au nyani, ana seli saidizi tu mahali pale. Huwezi kumtumia kuamua kama chekecheke ndilo linalobana, kwa sababu chekecheke hana.

#17 Tumbatu

Haki yako. Lakini basi inanisaidia pia: hana chekecheke na bado usafirishaji wake unakufa presha ikipanda. Kuna jambo jingine linalofanya kazi.

#18 Kipanga

Hapo Tumbatu ameurudisha mpira kwa dada BintiMaabara. Nasubiri.

#19 BintiMaabara

Sina jibu la kulifunga. Kuna wanaosema ni damu: mishipa midogo ya kichwa cha neva hukosa mtiririko na mitokondria hukosa oksijeni, kwa hiyo kinesini hukosa ATP hata kama njia iko wazi. Kuna wanaosema ni mzigo wa kurudi: seli ya ganglioni hutegemea protini za kuilea, kama BDNF, zinazochukuliwa na daineini kutoka ubongoni, na zikikatika seli hujiua. Kuna pia wanaopima tofauti kati ya presha ya jicho na ya maji ya ubongo. Na wapo wagonjwa wa glakoma ambao presha yao haikuwahi kuzidi 21. Kila maelezo yana wagonjwa wake na hakuna lenye wagonjwa wote.

#20 DawatiLaNyuma

Mmetaja mitokondria nikamkumbuka mtu. Nilisoma shule ya msingi Dar es Salaam miaka ya 1990, na jirani yangu wa dawati alipotaka kusoma ubao aligeuza shingo, akalitazama neno kwa pembeni kama kuku anavyotazama punje. Akilitazama moja kwa moja linapotea. Aliadhibiwa kwa uvivu. Kila aliyemmulika jicho alisema liko safi, na miwani haikubadilisha chochote. Baadaye alianza kulalamika kwamba nyayo zinawaka moto. Ni mpaka nilipokuwa mtu mzima ndipo niliposikia kwamba madaktari walikuwa wameiona hali hiyo kwa vijana wengi wa jiji lile tangu mwaka 1988. Je, inahusiana na haya?

#21 MuuguziWaMacho

Inahusiana sana. Ule ni ugonjwa wa neva ya jicho uliowapata vijana Dar es Salaam, na nyuzi zinazoumia kwanza ni zile zinazotoka katikati ya retina, mahali tunaposomea. Nyuzi hizo ni nyembamba na zinakula nishati nyingi, na ndani ya jicho hazina mailini, kwa hiyo upungufu wowote wa nishati huzipata mapema. Cuba walikumbwa na hali inayofanana nayo mwaka 1992 na 1993, zaidi ya watu 50,000, wakagawa vitamini kwa nchi nzima na mlipuko ukapungua. Wengi huutazama wa Dar es Salaam kwa jicho hilohilo la lishe na vitamini za kundi B, lakini chanzo chake hakijakubaliwa na wote.

#22 MkulimaWaMuhogo

Mimi nashuku muhogo mchungu usiolowekwa vizuri. Sianidi yake huziba kupumua kwa mitokondria, na konzo, ule ugonjwa unaoletwa na muhogo wa aina hiyo, tunaijua inavyopooza miguu.

#23 DawatiLaNyuma

Ndugu mkulima, muhogo umeliwa pwani vizazi na vizazi. Kwa nini uchague jiji, uchague vijana, na usubiri mwaka 1988? Isitoshe, yule jirani yangu miguu yake ilikuwa na nguvu, ilikuwa inawaka tu.

#24 MkulimaWaMuhogo

Sisemi muhogo peke yake. Mwenye lishe duni hukosa asidi amino zenye salfa, na mwili huzihitaji hizo ili kuisafisha sianidi. Mlo uleule unaweza kumwacha mmoja salama na kumuumiza mwingine.

#25 Mpemba_Ughaibuni

Mimi nina kisa kinachokaribia. Nilipokuwa natumia dawa za kifua kikuu, moja ikiwa etambutoli, baada ya miezi kadhaa nyanya sokoni zilianza kuonekana zimepauka, nikawa nagombana na wauzaji kwamba ni mbichi. Nilipoeleza kliniki walinibadilishia dawa siku ileile na rangi ikarudi baada ya muda. Niliambiwa inadhaniwa kwamba dawa hiyo huinasa shaba ambayo vimeng'enya vya mitokondria huihitaji. Anayeitumia asiiache kwa hofu, bali awahi kusema rangi zinapobadilika, hasa nyekundu na kijani.

#26 FundiSaa

Hiki kisa kinarudi moja kwa moja kwenye mada ya Mwalimu. Mitokondria ina jeni zake kwa protini 13 tu, na hizo huitengenezea ndani kwa ndani. Protini nyingine zaidi ya 1,000 huagizwa kutoka nje, kwa amri ya kiini cha seli. Kwa hiyo mitokondria iliyoko mwisho wa aksoni, sentimita kadhaa kutoka kwenye kiini, ina shida ileile ya yule binti mwenye rula: vipuri vyake vinatoka wapi? Na mwaka 1988 Douglas Wallace na wenzake walionyesha kwamba badiliko la herufi moja katika jeni za mitokondria husababisha upofu wa urithi wa Leber, ambao huua nyuzi zilezile za katikati.

#27 MzeeWaMaktaba

Kabla hatujafunga masikio, kumbukeni kwamba retina ina seli nyingine za neva. Seli fimbo haina safari ndefu, lakini ina kazi nzito kuliko zote. Rodopsini, yenye asidi amino 348, hutengenezwa sehemu ya ndani ya seli na hupitishwa kwenye shingo nyembamba sana kwenda sehemu ya nje, ambako visahani kama 1,000 vimepangwa kama sahani za shughuli. Richard Young alionyesha mwaka 1967, kwa asidi amino za mnururisho, kwamba visahani vipya huingia chini na vya zamani hudondoka juu, na kwa mamalia mrundo mzima hubadilishwa kwa takriban siku 10. Mwaka 1990 kundi la Thaddeus Dryja likakuta wagonjwa ambao asidi amino ya 23 ya rodopsini imebadilika. Protini ile hujikunja vibaya, hukwama kiwandani, na seli hufa. Hapo barabara ilikuwa nzima na mzigo ndio ulioharibika.

#28 ChakiNyeupe

Asanteni nyote. Naliondoa neno "kila" nililoliandika kwenye bandiko la kwanza, Tumbatu. Leo nilimsomea yule binti mabandiko ya 7, 8 na 11. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Kama protini inatengenezwa mwishoni kwa ribosomu, na ribosomu nayo imejengwa kwa protini, ribosomu ilifikaje huko, na ikichakaa inatengenezwa na nani?"

#29 Tumbatu

Mwambie kwamba maabara ileile ya Cambridge ilijiuliza hivyohivyo. Mwaka 2019 walionyesha kwa aksoni za retina za chura kwamba baadhi ya protini za ribosomu hutengenezwa ndani ya aksoni na kuingizwa kwenye ribosomu zilizokwisha kuwepo, hasa zile zilizokaa upande wa nje wa ribosomu, ambazo zinaweza kuchomolewa na kubadilishwa bila kuibomoa yote.

#30 BintiMaabara

Na umwambie pia kwamba ribosomu si protini tupu. Uti wake ni RNA, na RNA hiyo hutengenezwa ndani ya kiini, kule jichoni. Kwa sehemu hiyo, rula yake bado inahitajika.